Swali la Kwanza la Mwalimu Oketcho

"Kutoka Malaba mpaka Busia hakuna chungu cha kunidanganya mimi. Nileteeni kigae cha ukubwa wa ukucha, nitawaambia kilifinyangwa wapi, lini, na kwa mkono wa nani."

Maneno hayo Mwalimu Nathan Oketcho aliyasema kwenye maiki, mbele ya mahema yaliyojaa watu, katika sherehe ya kutambulishana huko Kiyeyi mwaka juzi. Alikuwa amepewa dakika chache amsifu bwana harusi, aliyekuwa mwanafunzi wake. Bwana harusi alitajwa mara moja. Dakika zilizobaki zilikwenda kwa vyungu. Mshereheshaji, kijana wa Kiteso aitwaye Engole, alimpokonya maiki kwa adabu akasema, "Asante, Profesa. Sasa tuambie na hii sahani yangu, imetoka jikoni bila nyama kwa mkono wa nani." Watu wakacheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Mtu mmoja alikuwa anarekodi. Kufikia jioni video ilikuwa imevuka mpaka bila kugongewa muhuri.

Ubaya ni kwamba Oketcho hakudanganya. Mjinga akijigamba hakuna anayemtafuta. Anayetafutwa ni yule anayejigamba na kweli anajua.

Alizaliwa Rubongi, wilayani Tororo, mashariki mwa Uganda, ng'ambo ya barabara tu kutoka kambi ya jeshi, kwenye familia ya Waothodoksi. Kanisa likamlipia masomo, likampandisha ndege kwenda Athene akasomee upadri. Likizo ya kwanza, alipokuwa anatafuta kibarua cha kujikimu, wakampa kazi ya kuosha vigae kwa mswaki kwenye ghala la makumbusho. Alipomaliza kreti ya kwanza, upadri ulikuwa umekwisha. Alirudi nyumbani na shahada ya akiolojia ya Ugiriki na Roma ya kale, bila joho, bila msalaba wa kifuani, na mama yake akalia wiki nzima. "Nimepeleka mtoto Ulaya," aliwaambia majirani, "amerudi fundi wa vyungu vilivyovunjika. Kwani hapa havipo?"

Kazi ya shahada hiyo Tororo haikuwepo na mpaka leo haipo. Akafundisha historia sekondari, akamwoa Loy, Msamia wa Busia anayeuza mukene, dagaa wakavu wa ziwani, sokoni kwao, na kwa kweli mukene ndiyo iliyolisha nyumba. Lakini elimu yake hakuifungia kabatini. Kila darasa lililopita mikononi mwake lilisimuliwa jinsi akiolojia hiyo ilivyoanza, maana baba wa elimu hiyo alikufa vibaya, na wanafunzi wanaosinzia huamka wakisikia mtu amechinjwa.

Baba huyo alikuwa mtoto wa fundi viatu, Mjerumani, fukara wa kutupwa, aliyehangaika na vitabu mpaka akafika Roma akapewa kazi ya kutunza maktaba ya kardinali. Kabla yake matajiri walikusanya sanamu za kale kama wengine wanavyokusanya ng'ombe: wazihesabu, wazionyeshe wageni. Yeye alizitazama akauliza ipi ilitangulia ipi, akazipanga kwa umri kwa kufuata mkunjo wa nguo na ukali wa pua. Ugiriki kwenyewe hakuwahi kukanyaga, na nyingi ya sanamu zilizomtoa machozi zilikuwa nakala za Kirumi. Hata hivyo wasomi wakamwita baba wa elimu yao. Mwaka 1768, akiwa safarini, akalala loji katika mji wa bandari wa Trieste, ambao leo uko mpakani kama Busia. Akazoeana na mgeni wa chumba cha jirani, mpishi mwenye maneno matamu na historia ya wizi. Akamwonyesha medali za dhahabu na fedha alizopewa na malkia wa Austria. Yule mpishi akanunua kamba, akanunua na kisu.

Waliofuata walikuwa wachimbaji. Mataifa ya Ulaya yakashindana kama timu za ligi, Wajerumani Olimpia, Wafaransa Delfi, kila mtu na shimo lake. Kisha akatokea Mwingereza wa Oxford aliyekaa na maelfu ya vyungu vilivyochorwa, vingi vikiwa havina saini, akavigawa kwa wachoraji: huyu anachora sikio hivi, huyu kifundo cha mguu hivi. Sehemu hiyo Oketcho aliipenda kuliko zote. Lakini vyungu vilipopata majina vilipata na bei, na bei ilipopanda watu wa Italia wakafukua makaburi kuwaridhisha matajiri waliokuwa ng'ambo. Chungu kikishatolewa kaburini kwa jembe la mwizi kinabaki kizuri tu, hakiwezi kusema lolote. Kwa aibu hiyo wasomi wakajifundisha kutanguliza swali moja kabla ya mengine yote: hiki kimetoka wapi? Mwalimu wake wa Athene alimfukuza darasani mwanafunzi yeyote aliyesema "ni kizuri" kabla ya kuuliza hivyo. Swali likamwingia Oketcho mwilini. Ukimkaribisha chai anageuza kikombe kwanza.

Alipoona Tororo hakuna vyungu vya Wagiriki, akageukia vya kwetu. Jumamosi zake zilikuwa za kuzunguka Mella na Kiyeyi kwa baiskeli, anaomba kuona vyungu vya bibi za watu, anavichora. Watu walidhani anahesabia serikali kodi ya vyungu. Baada ya miaka aliweza kuwatenganisha wafinyanzi waliokufa zamani kama yule Mwingereza wa Oxford. Mmoja aliyempenda alikuwa Asekenye wa Mella, mwanamke wa mkono wa kushoto, ambaye ukucha wake wa gumba ulikuwa umepasuka katikati. Chini ya mdomo wa kila chungu chake, ukitazama vizuri, kuna safu ya alama za gumba lenye mpasuko.

Chungu bora cha Asekenye kilikuwa kwa Akumu, mjane wa Mella. Kilikuwa na midomo miwili, kilifinyangwa siku Akumu alipojifungua mapacha. Katika nyumba ile kilikaa karibu na mlango wa ndani, na sheria yake ilikuwa fupi: hakitoki nje ya uzio mpaka pacha wa mwisho azikwe. Pacha mmoja alikwisha kufa. Wa pili, Obbo, bado yuko, analima. Oketcho alipokwenda kukichora ilimbidi apige magoti sakafuni, kwa sababu Akumu alikataa hata kukisogeza kwenye mwanga.

Miezi michache baada ya ile sherehe watu waliingia kwa Akumu mchana, wakati wa kanisa. Waliomba maji ya kunywa. Waliorudi kutoka ibadani walimkuta amefungwa kwa mshipi wa gauni lake mwenyewe la gomesi, kichwa kimevimba, hasemi. Akalazwa Tororo. Habari ikaenea kwamba wezi walichukua simu na kuku. Familia haikutaja kingine.

Siku hizohizo Oketcho akapigiwa simu na mtu aliyejiita Sam.

"Mwalimu, heshima zako. Nilikuona kwa simu, ile ya vyungu. Niko na vitu vitatu hapa Busia. Nataka macho yako tu, nusu saa, nauli juu yangu."

Loy alikuwa anapepeta mukene. "Nathan, huyo mtu unamjua?"

"Ni mteja."

"Mteja wa nini? Wewe unauza nini?"

"Elimu."

"Elimu umeuza tangu tuoane na sijaona mnunuzi," Loy alisema. "Leo amepatikana, tena wa Busia, tena ana adabu. Usiende."

Akaenda. Mtu amekaa miaka thelathini akingoja kuulizwa, akiulizwa haketi nyumbani.

Ilikuwa loji ya ghorofa moja, upande wa Uganda, karibu na njia za panya za kuvukia. Saa sita mchana, jua kali, biashara mtaani. Sam alimpokea ngazini: kijana mwembamba, kucha safi, Kiswahili cha upande wa Kenya. Ndani ya chumba televisheni ilikuwa inatangaza mpira kwa sauti ya juu, na mtu mwingine, mnene, alikuwa amesimama kwenye meza anapiga pasi shati.

"Huyu ni Bwire," Sam alisema. "Bwire, salimia Mwalimu."

"Karibu, mzee," alisema Bwire bila kuinua macho. "Nakwisha sasa hivi."

Sam akafunga mlango kwa ufunguo. Ufunguo akaupa Bwire, naye akauweka mezani, pembeni ya pasi. Oketcho aliniambia baadaye, mimi jirani yake, kwamba hapo alitaka kurudi, lakini macho yalikuwa yamekwisha kuona taulo kitandani na vitu vitatu juu yake, vimefunikwa kwa shuka.

"Kimoja kati ya hivi najua kila kitu chake," Sam alisema. "Sikuambii ni kipi. Ukikosea hicho, nitajua ulidanganya watu kwa maiki."

Akafunua cha kwanza: kijungu kidogo chenye wapiganaji weusi kwenye udongo mwekundu. Oketcho karibu acheke. Vya namna hiyo aliviona Athene kwenye kila duka la watalii, vimepangwa kama soda. "Hiki ni cha juzi. Ugiriki, duka la zawadi. Chini kulikuwa na karatasi ya bei, mmeibandua."

Sam akatabasamu. Pasi ikapita juu ya shati, ikatoa mvuke.

Cha pili kilikuwa mtungi mkubwa, mweusi, wenye harufu. "Kipya pia. Kimefukiwa kwenye mavi ya ng'ombe kizeeke. Aliyekifukia hakuwa na subira."

"Bwire, unasikia?"

"Nasikia."

Oketcho akaanza kupumua. Alijiambia kwamba kile Sam anachokijua ni kile kijungu cha watalii, kwa kuwa mtu aliyenunua kitu dukani anajua alikinunua. Mtihani umepita. Ndipo Sam akafunua cha tatu.

Midomo miwili. Chini ya kila mdomo, safu ya alama za gumba lenye ukucha uliopasuka.

Hakuhitaji kukigusa, lakini mikono iligusa. Ilikigeuza chini, kama ilivyofundishwa, na kabla akili haijafika mdomo ukasema:

"Kimetoka wapi?"

Pasi ikasimama. Haikuinuliwa, ilisimama tu, na baada ya muda chumba kikaanza kunuka kitambaa kinachoungua.

Kwa msomi wa Athene hilo ni swali la kwanza. Kwa mtu wa Busia ni swali la mwisho. Hapa mpakani unaweza kumwuliza mtu mzigo una kilo ngapi, unavuka saa ngapi, pikipiki ya nani. Ulipotoka huulizi. Kila mtoto wa Busia anajua hivyo kabla hajajua kusoma, na Loy angeweza kumwambia.

"Mwalimu," Sam alisema polepole, "mimi ndiye nilipaswa kukuuliza hivyo. Si ulisema utajua?"

"Ni mazoea tu ya kazi. Kama daktari anavyouliza unaumwa wapi."

"Sawa. Basi mimi ndiye mgonjwa. Niambie naumwa wapi."

Bwire aliinua pasi. Kwenye shati palibaki alama ya kahawia ya umbo la pasi. Aliitazama, akaikunja ndani, akaanza mkono wa pili.

Mambo mengi yalipita kichwani mwa Oketcho, na alinihesabia yote, lakini kubwa lilikuwa ni yule mtoto wa fundi viatu, kwenye chumba cha loji, medali mezani, na mpishi nyuma yake. Alikuwa amewachekesha wanafunzi na hadithi ile kwa miaka. Sasa alijua kitu ambacho hakuwahi kukitia katika hadithi hiyo: kwamba yule mtu lazima alikuwa na adabu mpaka mwisho, akijibu maswali, kwa kuwa mgeni wa jirani alikuwa anauliza vizuri.

"Hiki ni cha Bukedea," Oketcho alisema. "Mbali kule. Miaka kama ishirini. Hakina thamani."

Sam akakaa kitandani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililotisha.

"Nilichokuwa nakijua," alisema, "ndicho hiki."

Televisheni ikashangilia goli.

"Viwili vya kwanza ulisema ukweli haraka. Hiki umedanganya. Maana yake umekijua, na umejua nyumba. Si ndiyo, Mwalimu?"

Oketcho alitazama ufunguo.

"Sikia, buda. Sina haja ya kukudhuru. Kuna mtu ng'ambo ananunua, aliona ile video yako akapenda. Anataka wewe, si mimi. Ushike chungu, utabasamu, useme ni cha nyanya yako, umekirithi, unakijua tangu utotoni. Hivyo kinapata kwao, kinapata ukoo, karatasi zinaenda sawa. Nyinyi wasomi mnataka sana kujua kitu kimetoka wapi. Sasa kimetoka kwako."

"Na nikikataa?"

Sam alimgeukia mwenzake. "Bwire, Mwalimu anauliza akikataa."

"Shati inakwisha," Bwire alisema. "Pasi bado moto."

Walimrekodi kwa simu, wakarudia mara kadhaa kwa sababu sauti ya Oketcho ilikuwa inatetemeka, na Sam alimwelekeza kwa upole, kama mpiga picha wa pasipoti. Mwishowe alisema kila neno. Jina lake kamili. Athene. Chungu cha nyanya yangu. Alipofunguliwa mlango Sam alimshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Msalimie Mama Loy." Oketcho hakuwa amemtajia jina la mkewe.

Nyumbani hakusema. Alikwenda kufundisha, akarudi, akanyamaza. Loy alidhani ana malaria. Usiku hakulala, mchana alisinzia darasani, na pikipiki ikipunguza mwendo barabarani alikuwa anasimama nyuma ya kabati la vitabu. Aliwaza Akumu kitandani hospitali. Alijua anapaswa kwenda kusema. Kila alipovaa viatu aliona ile pasi.

Video ikafanya yale video hufanya, ikasambaa mpaka Mella. Siku moja akaja Obbo, yule pacha. Alikuja peke yake, kwa miguu kutoka Mella, mikono mitupu. Loy akamwekea kiti. Obbo hakukaa. Aliweka simu mezani, ikasema kwa sauti ya Oketcho: chungu cha nyanya yangu.

"Nyanya yako aliitwa nani, Mwalimu?"

Oketcho akaizima simu.

"Sikuja kugombana," Obbo alisema. "Watu wetu walitaka kuja na panga, nimewakataza. Mimi naogopa tu. Tangu kile kitu kitoke nje sijala chakula kikakaa tumboni. Nakwenda shamba, jembe nashindwa kuinua. Mama hasemi, lakini nikiingia wodini ananitazama kama mtu anayehesabu. Wewe umesoma. Niambie ni upuuzi, nirudi nyumbani."

Shahada ya Athene ilikuwa na jibu la hilo, na Oketcho hakulitumia.

"Si upuuzi," alisema. "Nitakueleza kilipo. Au kilipokuwa."

Akasema yote pale pale, mbele ya Loy: loji, Sam, Bwire, pasi, na jinsi alivyoutamka ule uongo huku anatabasamu. Loy alisikiliza hadi mwisho akauliza kitu kimoja tu: "Walijua jina langu?" Aliposikia ndiyo, akachukua ungo wa mukene akauingiza ndani.

Siku hiyohiyo Oketcho na Obbo walikwenda kituo cha polisi. Afisa aliyewapokea alitazama video mara mbili, kwa makini. "Huyu ninayemwona ni wewe," alimwambia Oketcho. "Chungu nakiona mikononi mwako. Sauti ni yako. Sam namwona wapi hapa?" Hakukosea. Miaka yote Oketcho alifundisha kwamba kitu chenyewe ndicho shahidi, maneno ya watu baadaye. Sasa kitu kilikuwa kinamshuhudia yeye. Akaandikisha maelezo, akaachiwa kwa dhamana ya mwenyekiti wa kijiji, akaambiwa asivuke mpaka. Polisi waliokwenda kwenye loji walikuta chumba kimepigwa deki na mgeni mwingine amelala.

Kesho yake simu ikalia.

"Mwalimu, nakusalimu tu," Sam alisema. "Nilipita sokoni leo, nikaona meza ya Mama Loy haina mtu. Nikaingiwa na wasiwasi, nikauliza majirani. Ni mgonjwa?"

"Ni mzima."

"Vizuri. Mungu amlinde." Akakata.

Hiyo ilikuwa Februari. Loy hajarudi Busia; anauzia mukene kibarazani, na ni nani atanunua mukene Rubongi kwenye mlango uliofungwa. Obbo anakuja Jumapili baada ya kanisa, wanakaa wawili sebuleni, hawaongei sana. Amekonda. Akumu ametolewa hospitali, anatembea, bado hasemi. Chungu hakijulikani kilipo, na kesi iko mahakamani kwa jina la Oketcho peke yake. Shuleni wamempumzisha. Akiitwa nje na mtu asiyemjua hajibu mpaka Loy achungulie dirishani. Kwa kumwogopa Sam, mlango wa mbao wa nyumba wameung'oa wakaweka wa chuma. Mlango wa chuma kwa fundi wa Rubongi, pamoja na fremu, kitasa na kuusimamisha, ni shilingi laki sita na nusu.